Fundi Mwenyewe

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, duka la vifaa vya ushonaji huwa halina pa kuweka mguu. Kila mshonaji wa mji anataka zipu, na zipu anayoitaka ndiyo iliyokwisha jana. Muuzaji, bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, alikuwa na kalamu mdomoni na mkasi mkononi, akiwajibu watu watano kwa pumzi moja, na hata mmoja hakuridhika.

Katika msukumano huo alisimama msichana aliyevaa ovaroli ya buluu iliyopunguzwa kiuno na kukatwa mikono, kitambaa cha manjano kichwani, sanduku la vyuma miguuni. Wengine walipiga kelele, yeye alinyamaza. Zamu yake ilipofika alinyoosha karatasi.

Bibi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza juu chini. "Mwanangu, hii ni namba kumi na sita au ni mguu wa kuku? Niambie tu unataka nini."

Msichana akafungua mdomo. Akaufunga. Foleni ya nyuma ikaanza kuguna.

"Lete nikusomee, bibi." Mkono mrefu ulipita juu ya bega la msichana ukaichukua karatasi. "Sindano namba kumi na sita, pakiti tatu. Mikanda ya cherehani, minne. Mafuta, chupa mbili. Na hapa chini ameandika, 'Usinipe ile mikanda ya juzi, inanyooka kama ulimi wa mbwa.'" Mwenye mkono akaangua kicheko. "Bibi, leo umesutwa kwa maandishi!"

Duka zima likacheka, na bibi naye akacheka, akaenda kutoa mikanda mizuri aliyokuwa ameificha nyuma.

Msichana akageuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lenye kola iliyokaa kama imechorwa. Futi ya kupimia nguo ilimning'inia shingoni, na pini tatu zilikuwa zimechomekwa mfukoni mwa shati kama nishani. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vizuri.

"Asante, kaka," msichana akasema. Sauti ilitoka ya juu, nyembamba, kana kwamba imepitishwa kwenye tundu la sindano.

"Kumbe unasema! Nilidhani maneno yako yote umeyamaliza kwenye karatasi. Mikanda yote hiyo, una cherehani ngapi?"

"Si zangu. Ni za wateja wa fundi. Mimi ni msaidizi tu."

"Fundi wa cherehani? Dada, wewe umeletwa! Nina cherehani pale karakana, inaruka mishono kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Fundi wenu anapatikanaje?"

Msichana akampa kadi iliyochakaa pembe, yenye neno FUNDI na namba ya simu. "Piga hapo. Zungumza naye mwenyewe." Kisha akabeba sanduku lake na kutoka mbio, utadhani ameiba.

Hakuwa amefika mbali. Kwenye ngazi za jengo la pili, simu ya zamani iliyofungwa kwa gundi ya karatasi ikalia mfukoni mwa ovaroli. Akatazama huku na huku. Akasafisha koo. Akaiachia sauti yake ishuke, taratibu, hadi ilipokaa.

"Naam. Fundi hapa."

"Fundi, shikamoo!" Ilikuwa sauti ya yule kijana.

Msichana, ambaye alikuwa na miaka ishirini na sita, akaegemea ukuta na kufumba macho. "Marahaba, kijana. Nikusaidie nini?"

* * *

Sauti ile ya chini ndiyo iliyokuwa yake. Ilikaa kifuani, nzito na pana, kama kabati linalosukumwa kwenye sakafu ya mbao. Alipokuwa na miaka kumi na mbili, mwalimu wa kwaya alimhamisha mstari wa nyuma akamwambia, "Wewe fungua mdomo tu. Usitoe kitu." Kwa miaka mitatu alifungua mdomo. Shangazi yake naye alipenda kusema mbele za watu, "Huyu akipiga hodi, mke humwita mumewe aje afungue." Watu walicheka na yeye alicheka nao, mkono ukiwa mdomoni. Tangu hapo akajitengenezea sauti ya pili, nyembamba, ya kutokea nayo nje. Jioni koo lilimuuma kama mtu aliyetembea siku nzima na viatu vya mtoto.

Baba yake alikuwa fundi wa cherehani, naye alimfundisha binti yake kazi yote, kuanzia kupaka mafuta hadi kusikiliza chuma kinasema nini kabla ya kukifungua. Baba alipofariki, simu ya kazi iliendelea kulia. Siku ya kwanza binti aliipokea bila kufikiri, kwa sauti yake halisi, na mteja akasema, "Fundi, habari za siku nyingi?" Akajibu, "Nzuri." Mteja akaendelea na shida zake. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mgeni kabisa, lakini naye akasema, "Sawa, mzee." Basi akaona ni rahisi hivyo. Kwenye simu alikuwa Fundi. Akifika na sanduku alikuwa Msaidizi: "Fundi amenituma, amebanwa kidogo." Miaka miwili hakuna aliyeuliza Fundi huyo anabanwa na nini kila siku ya Mungu.

* * *

Karakana ya kijana ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye madirisha matatu yanayotazama barabara, cherehani sita, na vumbi la nyuzi likielea kwenye mwanga. Wenzake walimwita Futi, kwa ule urefu na kwa kile kilichomning'inia shingoni hata wakati wa kula. Karibu na mlango aliketi mama mnene mwenye kazi ya kushona vifungo, ambaye vidole vyake havikupumzika na mdomo wake haukupitwa.

"Huyu ndiye Msaidizi wa fundi?" Mama Vifungo akauliza siku ya kwanza. "Futi, mbona umevaa shati la sikukuu?"

"Mama, hili ni la kazi."

"La kazi! Jana ulikuwa na la kazi, lilikuwa na chaki mgongoni."

Msaidizi akainama kwenye cherehani asionekane anavyotabasamu. Akalizungusha gurudumu mara mbili, akasikiliza. Akafungua bamba la chini, akatoa pini iliyopinda. "Ilikuwa inapigana na hii," akasema kwa sauti yake ya tundu la sindano. "Na sindano mliiweka nyuma mbele."

"Nani aliiweka nyuma mbele?" Futi akauliza kwa ukali.

"Wewe," wakajibu wote.

Alasiri hiyo simu ya kazi ikalia. "Fundi, shikamoo. Nimepiga kushukuru tu. Yule msaidizi wako, baba, umemfunza! Ana mkono kama wa daktari."

"Marahaba. Anajitahidi," Fundi akasema, uso ukimwaka moto.

"Na ana... ni mtu mpole sana. Je, ana mtu?"

"Hayo muulize mwenyewe, kijana. Mimi natengeneza cherehani."

Alimuuliza. Ilichukua wiki tatu na cherehani nne, mbili kati ya hizo zikiwa zimeharibika kwa njia isiyoeleweka. ("Hii imelegezwa kwa bisibisi," Msaidizi alisema akimkazia macho. "Ajabu," alijibu Futi, akitazama dari.) Wakaanza kukaa pamoja dirishani wakati wa mapumziko, wakimenya machungwa na kurushiana mbegu. Jumapili walikwenda bustani ya mjini, yeye kwenye gauni la rangi ya limau ambalo Futi alimshonea bila kumpima, kwa kumtazama tu, na likamkaa kama ngozi ya tunda.

"Umejuaje vipimo vyangu?"

"Mimi ni Futi, mpenzi. Nilipima kwa jicho. Kosa ni moja tu, mkono wa kushoto nimeuongeza kidogo."

"Kwa nini?"

"Ndio unaouziba mdomo wako ukicheka. Nilidhani unahitaji kitambaa zaidi."

Akacheka, na mkono ukapanda mdomoni palepale. Kicheko chake kilikuwa kikaidi, kilikataa kuwa chembamba, kwa hiyo alikimeza.

"Unaona? Unacheka kama mtu anayeficha pipi darasani. Na unaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Siku moja nitakisikia hicho kicheko chote, kipenzi. Mimi nina subira."

Msichana alimpenda. Alipenda anavyozungumza na kitambaa kabla ya kukikata, anavyomwamkia kila mtu aliyemzidi umri hata kwa mwezi mmoja. Mara nyingi alitaka kumwambia. Lakini kila alipovuta pumzi, alimwona mwalimu wa kwaya akiinua kidole. Atanicheka, alijiambia. Au hatacheka, ila siku zote atakuwa akinisikia na kukumbuka, Shikamoo, Marahaba. Mwanamume gani atalala na mwanamke ambaye amekuwa akimpa shikamoo kama baba yake?

Kwa hiyo alinyamaza, na miezi mitatu ikapita.

* * *

Mambo yaliharibika Jumapili moja, saa moja asubuhi.

Alikuwa kwenye baraza dogo nyuma ya nyumba, mikono imejaa mafuta hadi viwikoni, cherehani ya mteja wa haraka imelala mbele yake matumbo nje. Simu zake mbili zilikuwa ndani. Moja ikalia, na mama yake akaja nayo mbio akambandika sikioni. "Haya, pokea, mimi nina pasi motoni."

Msichana hakutazama ni simu ipi. "Naam," akasema kwa kifua kizima. "Fundi hapa."

Sauti aliyoijua kuliko zote ikasema polepole, "Samahani... hii si simu ya Msaidizi?"

Ilikuwa simu yake mwenyewe, namba ambayo Futi alizoea kuipigia na kuambiwa 'halo mpenzi' kwa kijisauti cha uzi. Angeweza kukata. Angeweza kusema ukweli. Badala yake, kichwa chake kilichokuwa kimelala kikatoa jibu la kwanza lililokuwa mlangoni.

"Ndiyo, ni yake," Fundi akasema. "Yuko bafuni, anaoga."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alitamani cherehani ile immeze.

"Anaoga," Futi akarudia. "Sawa. Shikamoo, fundi." Simu ikakatika.

Mchana alipiga yeye, kwa sauti nyembamba kuliko siku zote. Haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine: Nitakueleza. Ulisomwa na haukujibiwa. Jumatatu karakana haikuita fundi, wala Jumanne. Gauni la rangi ya limau lilining'inia mlangoni, mkono wake wa kushoto mrefu kidogo kuliko wa kulia.

Jumatano simu ya kazi ikalia. Safari hii aliitazama vizuri. Ilikuwa namba ya Futi.

"Naam," akasema. "Fundi hapa." Angesema nini kingine?

"Shikamoo, fundi. Usikate, tafadhali. Sijapiga kwa ugomvi." Alikuwa amejifungia mahali, maana mngurumo wa cherehani ulisikika kwa mbali. "Nimepiga kuomba radhi. Mwanamume kwa mwanamume. Nilikuuliza kama ana mtu, ukaniambia nimuulize mwenyewe, nami nilimuuliza, akasema hana. Sikujua kama ni wako. Na wewe siku zote unanipokea kwa heshima! Naona aibu, fundi."

Msichana alibana simu kwa mikono miwili. "Kijana, sikiliza..."

"Ngoja nimalize, nikinyamaza sitaweza tena. Simlaumu. Labda alikuwa na sababu. Ila nakuomba kitu kimoja. Mtunze. Anapenda chungwa lisilo na mbegu lakini hasemi, anakula hivyohivyo. Anapofungua cherehani huiambia 'pole' kwanza, umewahi kumsikia? Na umwache acheke. Nadhani kuna mtu alimwambia asicheke. Kama ni wewe, fundi, pamoja na heshima yangu yote, ulikosa." Sauti yake ikakatika na kurudi. "Jumapili ile nilipiga kumwambia kwamba mama yangu anataka kumwona. Basi. Ndilo hilo tu."

"Kijana," Fundi akasema, na ilimtoka nzito, imelowa. "Mimi si..."

Lakini laini ilikuwa imekwisha kufa.

* * *

"Ulikuwa unaongea na nani?" Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi.

Msichana akamweleza yote, kuanzia karatasi dukani hadi bafuni. Alipofika bafuni mama akaketi kwenye ndoo, mabega yakimtikisika.

"Mama, unalia?"

"Nacheka, mwanangu! Yaani umekuwa mke mwenza wako mwenyewe!" Alicheka hadi harufu ya kitambaa kinachoungua ikaja kutoka mezani, akaruka kuitoa pasi nyingine aliyoiacha juu ya shati. Aliporudi alikuwa ametulia. "Na kwa nini usimwambie kijana wa watu?"

"Mama, hii sauti ni ya baba. Kwake ilikaa vizuri. Kwangu imepotea njia."

"Ya baba yako?" Mama akaweka mkono kiunoni. "Nani kakudanganya? Mimi niliyeishi naye miaka ishirini na saba ndiye ninayeijua. Sauti ya marehemu ilikuwa na mchanga. Asubuhi ilikwaruza kama fagio. Akianza kuimba, paka anahama. Hii yako ina mchanga wapi?"

"Lakini wateja..."

"Wateja walizoea namba, hawakusikiliza. Mimi nasikiliza. Ukiwa barazani unazungumza na simu, mimi huku huacha pasi juu ya nguo nikasikiliza. Ndiyo maana naunguza mashati. Unadhani namsikiliza marehemu? Nakusikiliza wewe. Kisha unaingia ndani, unaniongelesha kwa hicho kifilimbi." Akamfuta mwanawe shavu kwa kiganja chenye joto la pasi. "Mficha uchi hazai. Nenda. Na uvae gauni, hiyo ovaroli ina mafuta."

Alivaa gauni. Kisha akafunga kitambaa chake cha manjano na kubeba sanduku la vyuma, maana bila hilo hakujua mikono aiweke wapi.

* * *

Karakana ilikuwa kwenye kishindo cha sare za shule. Cherehani zote sita zilikuwa zikiunguruma, sakafu imefunikwa vipande vya kitambaa, na Futi alikuwa mwisho wa chumba, mgongo umempinda, shati lake na chaki begani. Hakuinua kichwa.

"Futi," akasema kwa uzi wake. Uzi ukakatwa na mngurumo palepale. Hata yeye hakujisikia.

Angeweza kugeuka na kuondoka. Ngazi zilikuwa nyuma yake tu. Akaweka sanduku chini. Akavuta pumzi kutoka mahali alipokatazwa tangu mstari wa nyuma wa kwaya, akaiachia.

"FUTI! NAOMBENI MZIME CHEREHANI!"

Sita zote zilizima. Kifungo kilidondoka mahali fulani, kikabingirika, kikalala. Mama Vifungo akainama upande, akachungulia nyuma ya msichana, kwenye ngazi tupu.

"Yuko wapi huyo mwanamume?" akauliza kwa mnong'ono.

"Hakuna mwanamume, mama," msichana akasema kwa sauti ileile. "Ni mimi."

Futi alikuwa amesimama. Mkasi ulikuwa umebaki wazi mkononi mwake. "Fundi?" akasema.

"Ndiyo."

"Wa simu?"

"Wa simu. Na wa bafuni." Sauti yake haikutetemeka, jambo lililomshangaza. "Hakuna mzee. Baba yangu alikuwepo, amefariki, nikabaki na simu yake. Watu wakasikia sauti hii wakadhani ni mwanamume, nikawaacha. Hata wewe nilikuacha. Jumapili nilipokea simu yangu nikidhani ni ya kazi, mikono ina mafuta, nikasema upumbavu."

"Kwa hiyo leo kwenye simu..." Uso wake ulibadilika, na haikuwa furaha. "Ulinisikiliza nikilia."

"Nilikusikiliza."

"Na ukaniacha niendelee."

"Nilijaribu kukukatiza. Lakini nilitaka pia kuyasikia. Hakuna mtu aliyewahi kunizungumzia hivyo, Futi. Nisamehe."

Futi akashusha mkasi mezani. "Miezi mitatu nimekuwa nikiongea na watu wawili. Sasa mimi nilimpenda nani?"

"Swali zuri," Mama Vifungo akasema. Wenzake wakamnyamazisha.

"Mkono uliousifu ni wangu," msichana akasema. "Heshima uliyoisifu kwenye simu ni yangu. Aliyekwambia 'muulize mwenyewe' ni mimi, na aliyekujibu ni mimi. Kitu pekee ambacho hakikuwa changu ni kile kisauti. Nilikivaa kwa sababu niliona aibu, nacho kinanibana. Nimechoka, Futi. Nimechoka kuwa msaidizi wangu mwenyewe."

Macho ya Futi yakashuka hadi kwenye mkono wa kushoto wa gauni. Akachukua simu yake mezani, akapita katikati ya cherehani, akapita kando yake bila kumgusa, akashuka ngazi.

Hatua zake zilisikika hadi chini. Mlango wa barabarani ukagonga.

"Mungu wangu," akasema mmoja wa washonaji.

Msichana alibaki amesimama. Alisubiri ile aibu ya zamani imshukie kama maji ya baridi, lakini haikuja. Moyo ulimuuma, ndiyo, ulimuuma sana. Lakini koo halikumuuma. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi lilikuwa limetulia. Kama ameondoka, aliwaza, ameniacha mimi, hakumwacha yule wa kifilimbi. Akainama kuokota sanduku lake.

Ndani ya sanduku, simu ya kazi ikalia.

Akaitazama namba. Akawatazama wenzake Futi. Mama Vifungo akampungia sindano. "Pokea basi, nani ana siku nzima?"

"Naam," akasema. "Fundi hapa."

"Fundi, shikamoo." Futi alikuwa anahema. Nyuma yake zilisikika honi na wapita njia. "Samahani kwa kukusumbua wakati wa kazi. Nina ombi."

Kitu kikaanza kumtekenya kifuani. "Marahaba, kijana. Sema."

"Namtaka msaidizi wako. Si kwa cherehani. Nataka kumuoa. Nimeona niombe ruhusa kwako kwanza, maana wewe ndiye uliyemlea."

Mama Vifungo, aliyekuwa amesogea hadi sikio lake likagusa simu, akapiga kigelegele na kukikata katikati ili asipitwe na jibu.

"Pole sana, kijana," Fundi akasema. "Msaidizi ameacha kazi. Leo hii, dakika kumi zilizopita."

"Ameacha! Bila notisi? Sasa mimi nifanyeje?"

"Ulizia kwa fundi."

"Namwogopa fundi. Nasikia ni mkali, na leo nilimwambia amekosa." Akavuta pumzi, na mzaha ukamtoka sautini. "Nilikasirika pale juu, mpenzi. Nilishuka ili nikasirike peke yangu. Nikafika chini nikagundua nasubiri useme tena, popote, chochote. Hiyo sauti ukisema jina langu, ni kama mtu ameniwekea koti mabegani. Kwa nini ulininyima miezi mitatu?"

Akaenda dirishani. Chini barabarani, katikati ya watu na magari, Futi alisimama na futi yake shingoni, uso ameuinua, simu sikioni.

"Basi nampigia fundi," Futi akasema, akimtazama pale juu. "Je, fundi mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe anaongea."

"Fundi, utanioa?"

Na hapo kile kilichokuwa kikimtekenya kikatoka. Kilikuwa kicheko, chote, kizito na kipana, kikajaa chumba, kikapita madirisha matatu kwa pamoja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika simu na wa kulia umeshika fremu ya dirisha, hakuna uliobaki wa kuziba mdomo. Barabarani watu waliinua vichwa. Mwenye baiskeli akasimama.

"NITAKUOA!" akasema. "NA SINDANO UJIFUNZE KUIWEKA MBELE MBELE!"

Futi alilisikia jibu mara mbili, moja kwenye simu na moja hewani. Akaishusha simu sikioni, akaizima, akabaki na ile sauti ya dirishani.